Kuchagua Matairi ya Impreza STI Inayoishi Dar es Salaam

Mtu akishalipia ushuru wa Subaru Impreza WRX STI na kuitoa bandarini, fedha inayobaki huwa na njia yake inayojulikana. Kwanza huenda kwenye ekzosi, ili mtaa mzima upate taarifa. Kisha kwenye rimu, ambazo karibu kila mara huwa kubwa kuliko zile ambazo gari lilikuja nazo. Kisha kwenye taa, redio na viti. Matairi hufikiwa mwisho, na hata yanapofikiwa, maswali yanayoulizwa dukani huwa mawili tu: yana upana gani, na yatapendeza kiasi gani yakishavalishwa. Kwa maoni yangu mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Gari la spoti linalotumika barabarani kila siku, tena katika jiji kama letu, linapaswa kuchaguliwa matairi kwa kuanza na swali lisilomvutia mtu yeyote, nalo ni litasimamaje kwenye lami iliyolowa.

Gari langu ni la mwaka 2005, lenye umbo ambalo wapenzi wa Subaru hulitambua kwa herufi GDB: injini ya turbo ya lita mbili, nguvu inayokwenda kwenye magurudumu yote manne, breki za Brembo, na rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 8. Matairi yaliyopangiwa gari hilo ni ya 225/45R17. Sababu ya watu kulipenda inafahamika Afrika Mashariki nzima. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, Richard Burns naye akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na watoto waliokula vumbi lile pembeni mwa njia ndio watu wazima wanaoagiza magari haya leo. Jambo ambalo wengi wetu hatukulitazama kwa makini ni miguu ya magari yale ya mashindano: rimu ndogo, na matairi yenye ubavu mrefu na mnene wa kuvumilia mawe. Leo gari la ukoo huohuo likipita Mikocheni unaliona limepandishwa juu ya rimu za inchi 19, na dereva wake anapunguza mwendo hadi kusimama kabisa kila anapofika kwenye tuta.

Tuanze na barabara yenyewe, kwa sababu kulisifu tairi bila kutaja barabara litakakotumika ni maneno matupu. Lami ya barabara kuu za Dar es Salaam ni nzuri kwa sehemu kubwa, lakini ukishakata kona kuingia mtaani unakutana na matuta yasiyopakwa rangi, mashimo, mchanga uliosombwa na maji, na kingo za lami zilizoliwa hadi zikabaki na meno. Malori huacha matone ya dizeli na oili, hasa kwenye vipilefti na mahali pa kusubiri foleni. Miezi ya jua kali matone hayo huchanganyika na vumbi, na mvua ya kwanza ya vuli au ya masika inapoanza kudondoka, mchanganyiko huo hugeuka utando unaoteleza. Dakika hizo za mwanzo ndizo mbaya kuliko saa ya pili ya mvua kubwa, maana maji bado hayajatosha kuuosha utando wenyewe. Ni katika dakika hizohizo ambapo bodaboda anayekimbilia kujikinga na mvua hukatiza mbele yako bila kugeuka, na daladala husimama ghafla kumchukua abiria aliyejifunika mfuko wa plastiki kichwani.

Hesabu ya fizikia ya sekondari inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Chukua magari mawili yanayokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami iliyolowa, yote yakafungwa breki kwa wakati mmoja. Tuseme matairi ya gari la kwanza yanaweza kuzalisha nguvu ya kusimamisha inayofikia asilimia 80 ya uzito wa gari, kiasi ambacho tairi bora la spoti linakimudu kwenye maji, na ya gari la pili yanafikia asilimia 50, kama tairi lililokakamaa kwa umri linavyofanya. Gari la kwanza litasimama baada ya mita 31 na nusu hivi. La pili litahitaji takriban mita 50. Tofauti ya mita 19 inasikika kama jambo la kuzungumzika, lakini hebu litazame hivi: mahali ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, gari la pili bado linakwenda kilomita 49 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi litakayomgongea mtu, na hakuna turbo wala breki ya Brembo inayoweza kuipunguza ikiwa mpira uliogusana na barabara umekataa.

Kwenye lami kavu mambo ni tofauti kabisa, na hapo ndipo wauzaji wanapotuvutia. Karibu kila tairi la spoti lililo jipya lina mshiko mwingi kavuni kuliko dereva anavyoweza kuutumia kihalali. Mjini tunaruhusiwa kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo, kona ambayo ingetofautisha tairi zuri na tairi bora zaidi duniani haipatikani kati ya Mwenge na Posta, na anayeitafuta anatafuta matatizo. Toyota walipolitoa gari la 86 mwaka 2012 waliwashangaza wengi kwa kulivalisha Michelin Primacy HP za 215/45R17, matairi ya kawaida ambayo saizi yake ilitumika pia kwenye Prius. Wahandisi wao walitaka dereva ausikie ukomo wa gari akiwa katika mwendo wa kibinadamu. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu ningependa mshiko zaidi ya ule wakati wa mvua, lakini hoja yao kwamba raha ya gari la spoti haitokani na kung'ang'ania lami kupita kiasi ni hoja ya watu wanaojua kazi yao.

Mshiko kwenye maji hutoka mahali pawili, na ni muhimu kuvitenganisha vyanzo hivyo. Cha kwanza ni mchanganyiko wa mpira wenyewe. Kwa miongo mingi mpira wa tairi uliimarishwa kwa masizi ya kaboni, ambayo ndiyo yanayoupa weusi wake. Mwaka 1992 Michelin waliingiza sokoni matairi ambayo sehemu kubwa ya masizi hayo ilikuwa imebadilishwa na silika, na ikaonekana kwamba mpira wa namna hiyo hupunguza ulaji wa mafuta bila kupoteza mshiko wa kwenye maji, mambo mawili ambayo kabla ya hapo yalikuwa yakigombana. Leo karibu kila tairi la maana la spoti la barabarani lina silika nyingi ndani yake, na tofauti kati ya kampuni na kampuni imo katika mapishi hayo ambayo jicho haliyaoni. Ndiyo maana matairi mawili yenye michoro inayofanana, moja likiwa nusu ya bei ya jingine, yanaweza kuachana sana siku ya mvua.

Chanzo cha pili ni mifereji inayoyatoa maji chini ya tairi kabla halijaanza kuelea. Katika miaka ya 1960 Walter Horne wa NASA, akichunguza ndege zinazotua kwenye viwanja vilivyojaa maji, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: kasi ya kuelea inategemea kipeuo cha pili cha upepo uliomo ndani ya tairi. Ukiuchukua upepo kwa PSI, kile kipimo cha mgandamizo kinachosomwa kwenye pampu, ukatafuta kipeuo chake cha pili na kuzidisha kwa 16.7 hivi, unapata kilomita kwa saa. Kwa upepo wa 33 jibu ni kama kilomita 96. Kwa upepo wa 22, ambao ni wa kawaida sana kwenye magari ambayo wenyewe hawapimi, jibu linashuka hadi 78. Kanuni hiyo ilitungwa kwa matairi ya ndege, na tairi la gari, ambalo alama yake ya kukanyaga ni fupi na pana, huweza kuelea mapema zaidi. Hapa ndipo imani ya kwamba tairi pana ni salama zaidi inapovunjika. Upana unasaidia kavuni. Kwenye dimbwi la Jangwani unaongeza kiasi cha maji yanayopaswa kusukumwa pembeni kwa wakati uleule.

Sasa tusome ubavu wa tairi. Katika 225/45R17 94W, namba 225 ni upana kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, R ni mpangilio wa nyuzi za ndani, na 17 ni rimu kwa inchi. Namba 94 inamaanisha kilo 670 kwa kila tairi, wakati 91, ambayo pia hupatikana kwa saizi hii, inamaanisha kilo 615. Gari langu lina uzito usiofika tani moja na nusu, kwa hiyo 91 lingetosha, lakini lile la 94, ambalo huandikwa XL, limeimarishwa zaidi, na kwa barabara zenye mashimo nalipendelea. Herufi W ni kasi ya kilomita 270 kwa saa. Wapo wanaoicheka herufi hiyo na kuuliza nani atakimbia hivyo kwenda Kibaha. Ukweli ni kwamba herufi ya kasi ni kipimo cha namna tairi linavyolivumilia joto, na lami ya Dar saa nane mchana huwa na joto linaloweza kupita nyuzi 50 kabla hata gari halijasogea.

Kuna maandishi mengine madogo zaidi, ambayo huonekana kwenye matairi yaliyotengenezwa yakiwa pia na soko la Marekani akilini: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Namba iliyo mbele ya TREADWEAR ni ya ulaji, yaani tairi linavyodumu kabla ya kulika. Matairi hujaribiwa kwa msafara wa magari unaozunguka barabara za San Angelo, Texas, kwa takriban kilomita 11,600, yakilinganishwa na tairi la kipimo, kisha kampuni yenyewe ndiyo inayojipangia namba. Kwa hiyo 300 ya kampuni moja si lazima iwe sawa na 300 ya nyingine, ingawa ndani ya kampuni moja namba hizo zinaaminika kiasi. Michelin Pilot Sport 4S ina 300. Matairi ya 200, kama Bridgestone Potenza RE-71RS, yametengenezwa kwa watu wanaokwenda uwanja wa mashindano siku ya Jumamosi na kurudi nyumbani na matairi hayohayo. Herufi ya TRACTION, ambayo bora kabisa ni AA, hupatikana kwa kusimamisha tairi likienda mstari ulionyooka kwenye lami na zege vilivyolowa. Haisemi lolote kuhusu kona. Ninayoitafuta zaidi ni lebo ya Ulaya, ambayo tangu Mei 2021 inaonyesha mshiko wa kwenye maji kwa herufi A hadi E, au lebo ya Japani, iliyoanza mwaka 2010, ambayo hutumia herufi ndogo a hadi d kwa jambo hilohilo. Karatasi hiyo mara nyingi bado huwa imebandikwa usoni mwa tairi, na mafundi huibandua na kuitupa kabla mnunuzi hajaiangalia.

Kwa Impreza iliyofika kutoka Japani, kazi ya kwanza ni kujua imekuja na nini. Magari yanayotoka mikoa ya baridi huletwa na matairi ya theluji, na muuzaji wa hapa huyaita mazuri kwa sababu kashata zake, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, bado zimejaa. Chuchumaa utazame ubavuni: ukikuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, hayo si matairi ya Dar. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye barafu, na kashata zimechanjwa mamia ya mikato myembamba inayofanya kila kipande kiyumbe. Kwenye joto letu gari hulegea kwenye usukani, breki hurefuka, na matairi yenyewe huisha upesi. Ningeyatoa siku ya kwanza hata kama yangekuwa mapya kabisa.

Upande wa pili wa mizani yako matairi ya nusu uwanja wa mashindano, kama Toyo R888R au Yokohama Advan A052, ambayo vijana huyatamani kwa sababu ya sura. Siwabezi. Kavuni ni matairi ya ajabu, na joto la pwani linayapendelea kuliko baridi ya Ulaya. Lakini mifereji yake ni michache na haina kina kikubwa, huokota kokoto na kuzirusha kwenye bodi mpaka rangi inachubuka, huvuma kwenye lami, na huisha wakati mwenye gari bado anakumbuka bei aliyolipa. Zaidi ya yote, siku ya mvua ya Aprili hayana pa kuyapeleka maji. Nikiondoa makundi hayo mawili, pamoja na matairi ya bei nafuu ya safari ndefu ambayo hayana kosa lolote ila hayakutengenezewa gari lenye nguvu za farasi 280 kama hili, kinachobaki ni matairi ya spoti ya kawaida ya majira ya joto. Sisi wa Tanzania tuna bahati hapa, kwa kuwa baridi ya chini ya nyuzi 7 inayoyakakamaza matairi hayo Ulaya haitufikii pwani.

Kuhusu saizi, msimamo wangu ni mkali. Tairi la 225/45R17 lina ubavu wa milimita 101. Ukipanda hadi 18 kwa 225/40, unabaki na milimita 90. Ukifika inchi 19 kwa 225/35, zinabaki 79. Milimita hizo ndizo zinazosimama kati ya ukingo wa shimo na rimu yako. Kushuka hadi inchi 16 kungeongeza ubavu, lakini breki za Brembo haziingii ndani ya rimu hizo, kwa hiyo 17 ndiyo ndogo kuliko zote inayowezekana, na kwa maoni yangu ndiyo bora pia. Gari linapoza matuta bila kulia, usukani bado ni mwepesi wa kujibu, na tairi lenyewe ni nafuu kuliko la 18. Wanaosema ubavu mrefu unalegeza gari waendeshe kutoka Mombo kupanda Lushoto kwa matairi mazuri ya inchi 17. Kilomita zile thelathini na kitu ni kona juu ya kona, kivuli cha mlima kinaiacha lami na unyevu mpaka saa nne asubuhi, na karibu na Soni mara nyingi kuna tope jekundu lililoteremka na mvua. Hapo gari linaingia kona kwa kilomita 40 au 50, na unaisikia mikononi kila hatua ya tairi la mbele linavyojaa mzigo kabla halijaanza kulalamika. Maonyo hayo ya mapema yana thamani kuliko mshiko mkubwa unaokatika bila taarifa.

Mwenye Subaru ana sharti jingine ambalo mwenye BMW hana budi kulisikia kwa huruma: matairi yote manne lazima yafanane. Nguvu inakwenda mbele na nyuma kupitia difu ya katikati, kifaa kinachoigawa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kama matairi yana mizunguko tofauti, difu hiyo hufanya kazi wakati wote, hata kwenye njia iliyonyooka, hadi ichemke na kuharibika. Subaru wa Marekani wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Mzunguko wa tairi langu unakaribia mita 2, na robo inchi ni sawa na tofauti ya milimita moja tu ya kina cha kashata. Kwa hiyo tairi moja likipasuka wakati mengine yamelika nusu, kununua moja jipya si suluhisho. Ndiyo sababu sinunui aina ya tairi ambayo muuzaji ameleta manne tu na hajui kama yatakuja tena.

Hilo linatufikisha dukani. Zamani kidogo kulikuwa na kiwanda cha General Tyre pale Arusha, na Nairobi kulikuwa na Sameer waliotengeneza matairi ya Yana mpaka mwaka 2016. Ingawa hakuna kati yao aliyekuwa akitengeneza matairi ya Impreza, vilipofungwa, karibu kila tairi jipya linalouzwa kwetu likawa limekaa kwenye meli, kwenye kontena na kwenye ghala, na mara nyingine juani mbele ya duka, kabla ya kumfikia mnunuzi. Swali la umri kwa hiyo ni la lazima. Katika duka moja maeneo ya Gerezani kijana aliniwekea chini tairi lenye jina kubwa, limefungwa nailoni, na vile vinywele vya kiwandani bado vimesimama usoni mwake.

"Kaka, hili jipya kabisa, angalia, lina nywele bado."

Nikamwomba aligeuze, kwa sababu tarehe kamili huandikwa upande mmoja tu, na upande huo ndio uliokuwa umelala sakafuni. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT palikuwa na namba nne ndani ya kiduara kirefu: 1417. Wiki ya 14 ya mwaka 2017. Nilipomwonyesha, hakubabaika.

"Bosi, hili ni tairi, si maziwa."

Kwa haki yake, tairi lililohifadhiwa gizani na mahali pa baridi haliozi haraka, na Michelin wenyewe hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe kabla ya kutimiza miaka 10 tangu litengenezwe. Lakini ghala la mabati la Dar si mahali pa baridi, na tairi la spoti ni la kwanza kupoteza ulaini wake, kwa kuwa ulaini ndio uliolipiwa. Kanuni yangu ni kwamba nalipa bei kamili kwa tairi lisilozidi miaka miwili, napatana bei kwa la miaka mitatu, na zaidi ya hapo namshukuru muuzaji na kuondoka. Nikilazimika kuchagua kati ya tairi jipya kabisa la kampuni ya kati na tairi maarufu lililozeeka, nachukua la kampuni ya kati. Matairi ya mtumba siyazungumzii, kwa sababu kiraka kilicho ndani hakionekani mpaka tairi livuliwe, na mtu mwenye gari la farasi 280 hapaswi kubahatisha kilicho ndani.

Katika ufungaji nasimama karibu na mashine bila aibu. Matairi mengi ya spoti yana upande wa nje na wa ndani, na maneno OUTSIDE na INSIDE yameandikwa wazi. Mengine yana mshale wa mwelekeo wa kuzunguka. Fundi mwenye haraka huyafunga yote kwa mkao mmoja, na mifereji iliyopangwa kuyatoa maji huishia kuyakusanya. Kuna pia nukta mbili za rangi ambazo watu hudhani ni mapambo. Nukta ya njano huonyesha sehemu nyepesi ya tairi, na huelekezwa kwenye vali. Nyekundu huonyesha mahali ambapo tairi limejitokeza kidogo, na hulinganishwa na alama ya rimu pale inapokuwepo. Rimu zisizo za Subaru mara nyingi huwa na tundu la katikati kubwa kuliko milimita 56.1 za gari hili, na bila pete ya kujazia nafasi, usukani utatetemeka hata baada ya balansi kufanywa vizuri. Baada ya hapo ni alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, jambo ambalo fundi mzee wa pale alilieleza kwa kifupi kuliko ninavyoweza mimi: "Mwanangu, ukifunga tairi jipya bila alaimenti, umeniletea hela ya tairi la mwakani."

Nilichochagua safari hii ni Michelin Pilot Sport 4 za 225/45R17 94Y, tairi lililotoka mwaka 2016 na ambalo kwenye maji halijawahi kunipa wasiwasi. Ningeridhika pia na Bridgestone Potenza Adrenalin RE003 au Yokohama Advan Fleva V701, ambazo huumiza mfuko kidogo kuliko hizo. Kilomita mia chache za mwanzo niliendesha kwa upole, kwa sababu tairi jipya hutoka kwenye kalibu likiwa na utelezi juu yake. Upepo naupima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, wala si ile iliyoko ubavuni mwa tairi, ambayo ni ukomo wa juu na si ushauri. Vituoni mafuta yanakouzwa, kijana wa upepo hujaza 40 kwa kila gari bila kuuliza. Namwachia ajaze, kisha napunguza mwenyewe nyumbani kwa kipimo changu.

Sheria za Ulaya zinaruhusu kashata ziishe hadi milimita 1.6, na vile vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji vimewekwa kwa kimo hicho. Mimi nayaondoa yakifika 3 kama masika yanakaribia, na nayavumilia mpaka Agosti kama mvua zimeshapita. Seti ijayo nafikiria kujaribu 235/45R17, ambazo zinakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 8 na zinaongeza ubavu hadi milimita 106. Kimo cha tairi kitaongezeka kutoka milimita 634 hadi 643, yaani asilimia 1.4, na spidomita ikionyesha 50 gari litakuwa linakwenda karibu 51. Kabla ya kulipa nitalivalisha moja mbele, nikate usukani wote kulia na kushoto, nione kama linagusa plastiki ya ndani ya matigadi.